Umeshakata kitambaa? Kwa binti anayejibiwa "sawa, usijali" kila mwezi

"Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Ofisi yetu iko Kariakoo, stoo iko Vingunguti. Mojawapo ya kazi zangu ni kuandaa ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, na mwisho ni tarehe 20 ya kila mwezi. Ili niimalize nahitaji risiti za manunuzi kutoka kwa kaka wa manunuzi na hesabu ya mzigo kutoka kwa mzee wa stoo. Kila mwezi ni vita. Nikimuuliza kaka wa manunuzi ananiambia 'sawa dada, usijali' au 'ziko kwenye gari, nitakuletea'. Mzee wa stoo yeye ni 'inshallah kesho'. Nikiandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, watu kumi na wanne wanasoma, wawili wanaweka kidole gumba, halafu kimya. Nikimweleza bosi anasema 'hilo linafanyiwa kazi'. Mwezi uliopita niliwasilisha ritani ikiwa na mapengo. Risiti moja tu iliyokosekana ilikuwa ya shilingi 3,540,000. Nikasemwa mbele ya watu kama vile nilikuwa nimelala. Nahisi wananichukulia poa kwa sababu ni mdogo na ni mwanamke. Sitaki ugomvi, na mzee sitaki kumkosea heshima. Lakini sasa tarehe 15 ikifika, usingizi unakata. Nifanyeje ili watu wanijibu kitu kinachoeleweka?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usingizi, na pole zaidi kwa kusemwa mbele ya watu.

Nianze na ile risiti. Kwenye 3,540,000, bei ya mzigo ni milioni 3 na VAT ya asilimia 18 ni 540,000. Hiyo laki tano na arobaini kampuni yako ilishamlipa muuzaji, na mwezi ule haikuwa na karatasi ya kuidai. Kwa hiyo unapofuatilia risiti unafuatilia hela ya kampuni. Nataka ulishike hilo kabla hatujaenda mbali, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimemsikia mtu anayejiona anaomba fadhila.

Umeuliza namna ya kuwafanya wenzako wajibu kwa uwazi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na watu wa ofisi, wa stoo na madereva, nikisikiliza wanavyoagizana kazi na ni wapi agizo linapotelea. Nilichojifunza ni kwamba jibu la juujuu mara nyingi hutokana na swali lenyewe. Kwa hiyo nitaanza na maswali yako wewe. Si kwa sababu kosa ni lako, bali kwa sababu hiyo ndiyo sehemu unayoweza kuibadilisha kesho asubuhi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mdogo wangu wa kike alipokuwa anaolewa tulipeleka vitenge vya sare kwa fundi mmoja wa Magomeni. Kila nikipita nauliza, "Fundi, nguo zitakuwa tayari lini?" Ananiambia Ijumaa. Ijumaa inafika, anasema umeme umesumbua, njoo Jumatatu. Nilikwenda hivyo wiki mbili. Siku moja nikaenda na mama mkubwa. Hakuuliza lini. Alisalimia, akauliza watoto, akakaa kwenye benchi, kisha akasema kwa upole kabisa: "Fundi, umeshakata kitambaa?" Fundi akanyamaza, akageuka kutazama rafu. Vitenge vyetu vilikuwa palepale, kwenye mfuko tuliokuja nao, na fundo nililofunga kwa mkono wangu halijafunguliwa. Mama mkubwa hakupandisha sauti. Alisema, "Basi tukate leo, mimi niko hapa." Akakaa mpaka adhana ya alasiri, na vitenge vikakatwa.

Nimelifikiria lile swali maisha yangu yote ya kazi. Mimi nilikuwa naomba ahadi, na ahadi haimgharimu mtu chochote. Anaitoa ili uondoke ukiwa na amani. Mama mkubwa aliuliza kitu kilichokwisha kufanyika au ambacho hakijafanyika, kitu kinachoonekana kwa macho. Kitambaa kimekatwa au hakijakatwa. Hapo hapana nafasi ya "usijali".

Sasa rudi kwenye maswali yako. "Kaka, risiti utaniletea lini?" Hilo ni swali la nguo lini. Jaribu hivi: "Kaka, za wiki iliyopita umeshazitoa kwenye gari?" Au: "Mkononi una risiti ngapi mpaka sasa?" Au lile ninalolipenda kuliko yote: "Kimebaki nini?" Mtu akiulizwa kimebaki nini, hata kama hana habari njema, ana mahali pa kuanzia. Atakuambia zimebaki mbili za nondo, muuzaji mashine yake ilikuwa mbovu. Sasa una kitu mkononi. Unajua ni mbili, unajua ni za nani, unajua zimekwama wapi.

Kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, aseme Ijumaa huku anajua haiwezekani? Wengi hukimbilia kusema ni uongo. Mara nyingi ni adabu iliyowekwa mahali pasipo pake. Sisi tumelelewa kutomwambia mtu "hapana" usoni. Binti akiulizwa ameolewa, hasemi hapana, anasema "bado". Mgeni akikaribishwa chakula ambacho hakihitaji, anasema "nimeshiba" kabla hajakionja. Ni malezi mazuri, yamezuia ugomvi mwingi kwenye nyumba zetu. Na si yetu peke yetu: mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1955 kuhusu namna watu wanapozungumza wanavyolindiana uso, kila mmoja akimsaidia mwenzake asiumbuke. Kaka wa manunuzi akikuambia "usijali", uso wako unabaki salama kwa kuwa hukukataliwa, na wake unabaki salama kwa kuwa hakukiri kitu. Kinachoumia ni ritani.

Chini ya hiyo adabu huwa pana sababu, na sababu hazifanani. Kuna ambaye hajui jibu. Kuna anayejua lakini hana mamlaka ya kulisema. Kuna asiyetaka tu, na yupo, tusijidanganye. Ila kuna mmoja ambaye huwa tunamsahau, naye ndiye ninayemkuta mara nyingi kuliko wote: yule anayeona aibu.

Ofisi moja niliyofanya kazi, sitaitaja, dereva alikuwa akinunua mafuta na vipuri, risiti zinatakiwa kila Ijumaa. Wiki tatu mfululizo ananiambia ziko kwenye gari. Nikaanza kumwona mjeuri. Siku moja nikamwambia, "Twende wote, nikusaidie kuzipanga." Tulivuka uwanja bila kuongea. Akafungua kile kidroo cha mbele cha Fuso, akatoa bunda limefungwa kwa mpira. Karatasi za mashine ya EFD zile, mashine ya kutolea risiti za kodi, unazijua. Zilikuwa zimekaa kwenye joto la gari mwezi mzima, na nyingi zilikuwa nyeupe. Kwenye nyingine ulikuwa unaona kivuli cha tarakimu ukiielekeza kwenye jua, na nyingine hata kivuli hakuna. Alikuwa amezishika kama mtu aliyeshika kitu alichokivunja. Akasema, "Dada, niliogopa utadhani nimekula hela." Wiki mbili kabla yake, mwenzake alikuwa ametukanwa mbele ya wote kwa risiti moja iliyopotea. Hakunidharau hata siku moja. Alikuwa anajificha.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kuhukumu, nenda ukaangalie gari. Nasema nenda kwa miguu yako, usipige simu. Na ukikuta risiti zimefutika, usoni usionyeshe mshtuko. Siku utakayopokea habari mbaya kwa utulivu ndiyo siku watu wataanza kukuletea habari mbaya mapema, na kwenye kazi yako habari mbaya ya tarehe 5 ni bora mara kumi kuliko ya tarehe 19. Ya tarehe 5 inakupa muda wa kumrudia muuzaji mzigo ukiwa haujasahaulika. Kwa mwezi huu pia, mwombe kaka apige picha kila risiti pale pale dukani na kukutumia, tarakimu zote zikisomeka. Picha isichukue nafasi ya risiti yenyewe, lakini itakuonyesha namba ya uhakiki, na TRA, Mamlaka ya Mapato, wana ukurasa wa kuhakiki risiti kwa namba hiyo. Utajua siku ileile kama risiti ni halali.

Kuhusu kuchukuliwa poa kwa sababu ya umri na jinsia yako. Sitakuambia jambo hilo halipo. Lipo, nimeliona kwenye ofisi nyingi za mji huu na nimelipitia. Lakini kabla hujalibeba, lipime. Bosi mwenyewe akimuuliza kaka wa manunuzi, anajibiwaje? Kama naye anaambiwa "sawa bosi, usijali", basi ndivyo kazi inavyoulizwa na kujibiwa pale ofisini, na wewe umelikuta. Kama bosi anapewa idadi na tarehe, na mhasibu mkuu anapewa idadi na tarehe, halafu wewe ndiye unayepewa "usijali", hapo ni dharau. Dharau haitatuliwi kwa kuuliza vizuri. Inatatuliwa na mwenye mamlaka akisema mbele ya wote kwamba swali lako ni swali la kampuni. Nitalirudia hilo nikifika kwa bosi.

Wako watakaokuambia Waswahili ndivyo tulivyo, lugha yetu ni ya kuzungukazunguka. Hili linaniuma, kwa sababu si kweli. Muulize muuza khanga bei ya doti, atakutajia bei na atakuambia mwisho wa kupunguza. Tazama na vitenzi vyetu: nimepeleka, nimeshapeleka, sijapeleka, sikupeleka, napeleka, nitapeleka. "Sijapeleka" inakuambia jambo bado linawezekana. "Sikupeleka" inakuambia muda wake ulipita. Tofauti hiyo yote iko ndani ya neno moja. Kwa hiyo sikiliza kitenzi kuliko maneno mengine yote. "Nimeshaongea naye" ni kazi iliyofanyika, unaweza kuuliza alisemaje. "Nitaongea naye" haijaanza. "Naongea naye" inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa kesho kutwa, rudisha swali, "Mmeshaongea?" Na "linafanyiwa kazi" ni kitenzi kilichofichwa mtendaji wake. Ukikisikia, muulize kwa upole nani anakifanya.

Yapo kweli maneno yetu machache yenye sura mbili, na hayo uyajue. "Sawa" inaweza kuwa nimesikia, nimekubali, au niache kwanza. "Nakuja" inaweza kusemwa na mtu anayekukaribia na mtu anayeondoka. "Tayari" ndiyo iliyonigharimu mimi. Nilimpigia mtu wa stoo, "Mzigo wa Morogoro tayari?" Akajibu, "Tayari." Mimi nikaelewa umepakiwa, nikamruhusu dereva atoke kwenda kuuchukua na kuunganisha safari. Yeye alimaanisha umehesabiwa na uko tayari kupakiwa. Gari lilisubiri mpaka jioni. Hakuna aliyedanganya. Tangu siku hiyo nauliza, "Umeshapanda kwenye gari?"

Usiulize kwa kukanusha pia. Ukisema "Hujaleta?" naye akajibu "Ndiyo", kwetu maana yake ni ndiyo, sijaleta, lakini ukiwa na haraka utasikia ameleta. Na saa ziandike kwa ukamilifu: saa nne asubuhi, saa kumi jioni. Tarakimu 4 peke yake kwenye ujumbe, mmoja ataisoma kwa saa yetu na mwingine kwa saa ya kwenye simu yake, mkapishana kwa saa sita.

Sasa mzee wa stoo na "inshallah kesho". Kwanza, lile neno usilichukie na wala usimjibu kwa kejeli kama vijana wengine wanavyofanya. Kwa mzee huyo inshallah ni imani, na ni ukweli: kesho si yake. Unachohitaji ni kilicho upande wa pili wa neno hilo. "Inshallah, baba. Na tukijaaliwa kuamka, tunaanza kuhesabu bidhaa gani?" Umeheshimu dua yake na umefika kwenye kitambaa. Pili, fikiria hali yake. Mzee anahesabu mifuko ya saruji na mabati kwa mkono, gari linaingia, gari linatoka, wateja wanapiga kelele, kisha binti wa Kariakoo anapiga simu kudai hesabu yote kwa pamoja. Kwake hesabu yote ni mlima, na mlima unajibiwa "kesho". Mwombe kipande. Tarehe 3, nondo. Tarehe 5, mabati. Tarehe 8, saruji. Na mara moja kwa mwezi panda daladala uende Vingunguti, umsalimie shikamoo ukiwa umesimama mbele yake, ukae naye saa moja mkihesabu. Najua ni usumbufu na nusu siku inakatika. Lakini mzee akishakuona umeloa jasho kwenye stoo yake, simu yako ataipokea kwa namna nyingine. Kumuuliza mkubwa swali lililonyooka si kumkosea heshima. Tunamkosea tunapomuuliza mbele ya vijana wake, tunapomkatisha, au tunapomrukia na swali kabla ya salamu.

Akishajibu, mrudishie jibu lake. Unajua unavyokwenda kwa wakala kutuma hela: unamtajia namba, yeye anakusomea tena tarakimu moja moja, kisha jina linatokea, anakuuliza, "Ni huyu?" Hakuna anayemwona wakala mjinga kwa kurudia, tunamwamini zaidi. Fanya vivyo hivyo. "Kwa hiyo baba, nondo zimeshahesabiwa zote, mabati bado upande wa nyuma. Nimekuelewa?" Ukishakata simu, andika ujumbe wa mstari mmoja wenye maneno hayohayo umtumie. Usiuandike kwa lugha ya ushahidi wa mahakamani. "Asante baba, nimeandika: nondo tayari zimehesabiwa, mabati ya nyuma kesho kabla ya saa sita mchana." Basi.

Grupu la WhatsApp liache kwa matangazo na misiba. Swali lililoulizwa kwa watu kumi na wanne halijaulizwa kwa mtu yeyote. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja kwenye chumba chake, wakawaongelesha kwa kipaza sauti, kisha wakawasikilizisha sauti ya mwenzao akishikwa na kifafa. Walioamini ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka kwa muda huo ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwenzake anashughulika. Ikiwa kilio cha mgonjwa kinaweza kupotea hivyo, risiti zako je? Mtumie kila mtu ujumbe wake, kwa jina lake, wenye swali moja. Moja tu. Ukiweka maswali matatu utajibiwa lile jepesi.

Nifike kwa bosi, maana hapa ndipo pana uzito. "Hilo linafanyiwa kazi" likitoka kwa bosi, usilipinge. Sema, "Nashukuru bosi. Nimfuate nani ili nijue limefikia wapi?" Akitaja jina, una mtu. Akikosa jina, mwenyewe atakuwa amesikia kwamba hakuna anayelifanyia kazi, na hukumwambia wewe.

Kisha mpelekee pendekezo. Usimpelekee malalamiko, bosi ameshazoea malalamiko. Kaka wa manunuzi bila shaka anapewa masurufu, yaani hela ya kutangulizwa, kwa ajili ya kununua. Pendekeza kwamba hakuna masurufu mapya kabla ya marejesho ya yale ya zamani pamoja na risiti zake. Ofisi nyingi zina utaratibu huu, na wa kwako huenda umeandikwa mahali ila umelala. Nikiwa na nafasi ya kukushauri jambo moja tu kati ya yote haya, lingekuwa hili, kwa sababu linaondoa haja ya wewe kuuliza. Risiti zitakuja zenyewe, zikifuata hela. Ubaya wake nitakuambia pia: mwezi wa kwanza kaka atanuna, na kuna siku mzigo utachelewa kwa sababu masurufu yamezuiwa, na watasema ni wewe. Kwa hiyo utaratibu usitangazwe na wewe. Utangazwe na bosi, kwa sauti yake, kikaoni. Hapo ndipo na ile dharau, kama ipo, inapokatwa mizizi.

Utaambiwa na wengi, "Andika barua pepe, weka bosi kwenye nakala." Inafanya kazi. Mara moja. Mara ya pili wenzako wataanza kukuandikia kwa tahadhari, kila jibu limepimwa, na utapata ukungu mzito kuliko wa mwanzo. Iweke akiba. Ukifika pa kuitumia, mwambie mhusika kabla: "Kaka, tarehe 16 nitamjulisha bosi kilichopo na kisichopo. Ningependa jina lako liwe kwenye vilivyopo." Hujamvizia, na amepewa nafasi ya kujiokoa.

Njia nyingine inayopendwa ni ile ya kuandika "nisiposikia tofauti mpaka saa sita mchana nitaendelea hivi". Ni nzuri kwa mambo madogo yaliyo ndani ya mamlaka yako, kama mpangilio wa faili au tarehe ya kwenda stoo. Kwenye kodi na hela usiitumie kabisa. Ukimya wa bosi hauwezi kuweka sahihi kwenye ritani.

Na hapa lazima nikuonye juu ya jambo ambalo hukuliuliza. Wakati mwingine jibu haliji kwa sababu risiti haipo na haikuwahi kuwepo. Mzigo ulinunuliwa bila risiti ya EFD ili bei ishuke. Ukienda kwenye gari, ukauliza kimebaki nini, ukauliza muuzaji ni nani na yuko duka gani, na bado hupewi jina wala tarehe wala picha, miezi miwili mitatu mfululizo kwa muuzaji yuleyule, acha kulitazama kama tatizo la mawasiliano. Sheria inamtaka hata mnunuzi adai risiti. Usidai kodi ya manunuzi ambayo huna risiti yake, na usikubali kuambiwa "jaza tu, tutaleta baadaye". Andika kwa mhasibu mkuu au kwa bosi kile ulichopokea na ambacho hukupokea, na tarehe, ubaki na nakala. Kisha usibaki peke yako na jambo hilo: nenda ukaonane ana kwa ana na mshauri wa kodi aliyesajiliwa, au fika dirishani kwenye ofisi ya TRA ya mkoa wako wa kodi uulize utaratibu. Kuuliza si ujinga, na kuuliza utaratibu si kumshitaki mtu.

Ikifika mahali unatishiwa kazi kwa sababu ya kukataa kujaza, au lawama za ritani zinageuzwa kuwa barua ya onyo wakati ulishaandika mapema kwamba risiti hazijafika, onana na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo kazini kwenu. Kwenye biashara na viwanda wengi wako TUICO. Ukiachishwa kazi kwa njia unayoona si halali, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Hizo siku huisha haraka mtu akiwa bado analia. Nakuombea usifike huko, na kwa ulivyoeleza sioni dalili kwamba umefika.

Kuhusu usingizi. Kukosa usingizi usiku wa tarehe 19 kwa mhasibu ni jambo la kawaida. Kuanza kukosa tarehe 15, mwezi baada ya mwezi, ni mzigo mkubwa kuliko ninavyoweza kuutua kwa maandishi. Ukiona unakaa wiki mbili bila kulala vizuri, moyo unakwenda mbio simu ikiita, chakula hakipiti, au machozi yanakuja bila sababu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe useme hivyohivyo kama ulivyoniambia. Ukihitaji zaidi, watakupa rufaa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na wanaokwenda pale ni watu wa kawaida kama mimi na wewe, wengine wakiwa wametoka kazini na beji zao shingoni.

Ungeniuliza uanze na lipi, ningesema usianze na kikao wala barua pepe. Wiki hii mfuate kaka wa manunuzi alipoegesha, umsalimie, umwambie, "Twende wote kwenye gari, nikusaidie kuzipanga." Beba bahasha na kalamu. Kisha niandikie ulichokikuta.